Kifuniko Chini ya Kibanda cha Mama

Shauri Moyo, Nairobi
Jumatano, 21 Mei 2025

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za dada Rispa, na za mstari wetu wote kuanzia nyumba ya kwanza hadi ile ya mwisho karibu na bomba. Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa mzima, goti limetulia, na kile kikohozi cha mwezi wa tatu kimerudi kilikotoka. Shangazi Anyango hajambo? Mwambie karanga alizotutumia zilikwisha kwa siku mbili. Rispa anasema ni panya, lakini panya hao waliacha maganda chini ya mto wake wa kulalia. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua ya mwaka huu imetuchapa, lakini tumebaki wima, na nitakueleza.

Najua umeshangaa kupata barua siku hizi ambapo kila mtu ana simu. Nimekosa njia nyingine. Mara ya mwisho nilipokupigia uliweka spika kwa sababu ya sikio lako la kushoto, na nusu ya kijiji ikasikia kwamba nimekuwa wa kwanza darasani. Jumapili ukasimama kanisani ukatoa shukrani, na Shangazi akapiga kigelegele. Sikulaumu, Baba. Lakini ninalotaka kukuambia leo si la spika. Ndiyo maana barua hii nimempa binamu Willis, anayesafiri Ijumaa, na nimemwapisha akukabidhi wewe mkononi, asimpe Shangazi, maana Shangazi hufungua barua za watu ili apate la kuombea. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu cha kuandika kilikuchekesha mpaka ukatokwa na machozi, na leo sitaki ucheke mahali pasipofaa. Basi vaa miwani, keti, usome mstari kwa mstari. Usirukie mwisho. Nakujua.

Nianze na swali ambalo hukosi kuniuliza, kwamba nikimaliza nitaitwa nani. Najua wazee wenzako wanakuuliza, na najua unawajibu kwamba binti yako ni injinia. Baba, mimi si injinia. Si wakili wala mwalimu. Ninasomea miji. Asubuhi moja tunafundishwa sheria ya ardhi na nyumba za kupanga, jioni hiyo hiyo tunachora mteremko wa maji, kesho yake tunasoma jinsi mitaa kama yetu ilivyojengwa, ilijengewa nani, na nani hakuhesabiwa. Kuna siku tulitumwa tusimame karibu na soko la Gikomba tuhesabu watu wanaotembea kwa miguu, na kabla ya saa tatu nilikuwa nimepoteza hesabu mara nne. Rispa anaiita digrii ya kachumbari. Mwaka wa kwanza hata mimi niliionea haya. Mtu akiniuliza ninasoma nini, nilikohoa kwanza.

Aliyenibadilisha ni mwalimu wetu, Daktari Muthoki, mama mfupi mwenye sauti ya kuuza nyanya. Siku moja aliingia darasani akauliza kwa nini, katika mstari mmoja wa nyumba, maji machafu huingia nyumba hii na kuiruka ile. Injinia atakuambia ni mteremko, alisema, wakili atakuuliza kiwanja ni cha nani, mtu wa historia atakutajia aliyejenga, na jirani atakuambia kila kitu isipokuwa lile moja analolijua. Darasa likacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, Baba, kwa sababu nyumba aliyoieleza nilikuwa naijua.

Mwezi wa kwanza tuligawanywa wawili wawili tufanye mradi wa mwaka wa tatu. Nilipangwa na Wahome, kijana wa Kayole anayeweza kubishana hata na kamba ya kupimia. Alitaka tufanye kwao. Mimi nikang'ang'ania Shauri Moyo, nikajigamba kwamba baba yangu alikuwa mtu wa mitaro wa baraza la jiji, kanjo, kwa miaka ishirini na sita, na hakuna kifuniko mtaani asichokijua. Kazi ilikuwa kuchora mitaro yote ya maji taka ya upande wetu, kila bomba na kila kifuniko, kwa sababu nakala ya ramani ya zamani tuliyoipata ilikuwa imefifia. Tulizunguka na chaki, tukigonga sakafu za watu na kuinama kama kuku wanaodonoa. Watu walitucheka wakachoka. Mmoja alipaza sauti kutoka mlangoni, "Si huyu ni mtoi wa Obura? Ameenda kampasi akarudi kwa mtaro!" Nikacheka naye.

Lakini niliona pia jinsi wanavyokukumbuka. Walinieleza ulivyokuwa ukipita asubuhi na mapema na kile chuma chako begani, kirefu, chenye kichwa cha ndoano, cha kuinulia vifuniko. Wakasema enzi zako mtaro ukiziba asubuhi, jioni umezibuka. Waliniuliza kile chuma kiko wapi siku hizi. Nikasema labda ulikirudisha kanjo ulipostaafu.

Tulipofika kwa jirani yetu Mama Kim nilitaka Wahome aingie peke yake. Unajua yeye na Mama walivyokuwa, chanda na pete. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha Mama katika ugonjwa wake wa mwisho, sisi tukiwa tumeshikwa na woga. Hakukubali nibaki nje. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya mlango, akanionyesha ukuta. Upande wa kulia kuna mistari ya penseli ya urefu wa Kim, tangu alipoanza kusimama hadi alipompita mamake. Upande wa kushoto, chini chini, kuna mistari mingine, na kila mmoja una mwaka wake. Hiyo ni ya maji. Kila masika maji yakiingia, akishamaliza kuyatoa na kufuta sakafu, huchukua penseli akaweka alama mahali yalipofika. Wahome alipiga picha. Mimi nilitafuta mwaka wa kwanza kuandikwa, nikaona ni 2011, nikaweka kidole hapo nikasahau kukitoa.

Wewe unajua kwa nini. Kibanda cha Mama ulikijenga mwishoni mwa 2010. Nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa akishona nje juani, na mvua ikija cherehani kinakimbizwa ndani kinapandishwa juu ya kitanda. Ukapata mabati, ukapata mbao, ukachagua pale penye saruji kwa sababu kwingine kote ni matope. Nilikuletea maji kwa kikopo ukikoroga saruji mpya ya kusawazisha. Nilikiona kifuniko kabla hujakifunika. Kilikuwa na vitundu viwili kama macho. Nikakuuliza kama huko chini kuna mtu. Ukacheka, ukaniambia hilo shimo limekufa, mtaro mpya umeshapitishwa ng'ambo, lakini nisimwambie yeyote, maana hakuna mwanamke atakayeleta gauni lake la harusi lishonewe juu ya shimo la choo. Nikanyamaza. Niliona fahari kuwa na siri na wewe.

Nadhani uliamini ulichoniambia. Nadhani uliamini mpaka masika yaliyofuata, na baada ya hapo sijui. Ninachojua ni kwamba kila maji yalipoingia kwa Mama Kim, wewe ulikuwa wa kwanza kufika na ndoo, suruali umeikunja hadi magotini, hata siku yako ya mapumziko. Mtaa ulikusifu. Mimi nilikusifu kuliko mtaa. Sasa nimefundishwa jinsi mtaro unavyofanya kazi: ukiziba mahali, na hakuna njia ya kufika hapo kuuzibua, maji hurudi nyuma yakatokea kwenye mlango ulio chini kuliko yote. Ule mtaro mpya wa ng'ambo ulibeba mistari mingine, wetu ukabaki kwenye ule wa zamani. Shimo halikuwa limekufa, Baba.

Jioni hiyo niliketi kibandani, Rispa akipunguza suruali za wateja wa Gikomba, nikaitazama sakafu chini ya kiti chake. Nikikichora kifuniko, kibanda lazima kiondoke, na kibanda ndicho kinachomlisha Rispa, na kunilisha mimi, na ndicho kitu pekee kilichobaki mjini chenye mkono wako na wa Mama. Na jina lako, ambalo watu walikuwa wakilitaja mbele yangu kwa heshima, litatajwa vingine. Nisipokichora, Mama Kim ataendelea kuandika ukutani. Basi nilichora ramani nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, na pale chini ya kibanda nikaweka vitone vitone, na kando yake neno moja: haijulikani.

Tuliiwasilisha mwezi wa tatu katika ukumbi wa kanisa, wenyeji wamejaa hadi madirishani. Mama Kim alisimama, akaja mpaka mbele, akaweka kidole kwenye vile vitone. "Na hapa je, Awiti? Babako alitembea hii mitaro miaka yote, na hakukwambia?" Nilimtazama usoni nikasema hukuniambia. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kuketi. Hakunishuku hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ramani hiyo ndiyo iliyonifanya niwe wa kwanza darasani, na ndiyo uliyoitolea shukrani.

Pasaka ikaja na mvua yake. Ijumaa Kuu, watu wakitoka ibadani, maji yalikuwa yameshaingia kwa Mama Kim. Safari hii hukuwepo wewe wa kufika wa kwanza, kwa hiyo nilienda mimi na ndoo. Shuka alizokuwa amezileta juzi kutoka Gikomba, mzigo mzima wa kuuza, zilikuwa zimelowa maji ya choo. Tulizitoa moja moja. Hakulia. Aliniambia, "Pole mtoto wangu, utaharibu nguo zako za shule." Tulipomaliza akanipa penseli nimwekee alama, kwa sababu mgongo wake siku hizi haukubali kuinama. Niliandika 2025 kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikandamiza hadi ncha ikavunjika, ikabidi niombe wembe niichonge tena.

Chuo kilipofunguliwa nilimwendea Daktari Muthoki nikamweleza yote. Nilitarajia anifokee. Aliniuliza tu ni nani anayekaa juu ya kifuniko hicho. Nikasema ni dada yangu. Akaniambia alama yangu ameifuta, kwa sababu ramani isiyojua inaweza kusamehewa lakini inayojua ikanyamaza haiwezi, na kwamba nirudi nyumbani nizungumze na dada yangu kabla sijagusa karatasi nyingine. Kwa hiyo hiyo alama haipo tena. Nakuomba radhi kwa hilo, na uniombee radhi kwa Shangazi kwa kigelegele chake.

Nilipomweleza, Rispa alisimamisha cherehani. "Kwa hivyo hii ndiyo umesomea, Awiti? Kutubomolea?" Alisema na mengine ambayo sitayaandika, na mengi yalikuwa kweli. Kwamba mimi nikiwa huko nahesabu miguu ya watu, yeye yuko hapo anapinda pindo za watu ili nile. Siku mbili hakunisemesha. Chakula aliniwekea, lakini sahani alikuwa akiitua kwa kishindo hadi mchuzi unamwagika. Siku ya tatu aliniita kibandani. Akachukua pasi ya makaa, baridi, akaigonga sakafuni pembeni, ikatoa sauti nzito. Akaigonga chini ya kiti chake, ikalia kama sufuria tupu. Akasema ameisikia sauti hiyo tangu siku ya kwanza alipoangusha mkasi, mwaka ule Mama alipotuachia kazi, na kila Pasaka hujiambia ni mawazo yake tu. Tukatazamana. Tulikuwa tumekalia kifuniko kimoja miaka yote hiyo, kila mtu akidhani yuko peke yake. Tukaanza kucheka, halafu Rispa akalia, halafu akajifuta akasema haya, nenda ukawaambie, lakini yeye atakuwa amesimama kando yangu.

Sasa ndipo pale nilipokuomba usiparukie, Baba. Nilisema. Jumapili ya tarehe nne, baada ya ibada, mbele ya mstari wetu wote, nilisema kifuniko kiko chini ya kibanda cha Mama, aliyekifunika ni wewe, mimi nilikuwepo na nilijua, na mwezi wa tatu nilimdanganya Mama Kim macho kwa macho. Nilitaja jina lako kamili. Sikukuomba ruhusa. Ningeweza kukupigia kwanza, sikupiga, kwa sababu niliogopa utaniambia ninyamaze, na ungeniambia ningekutii. Huo ndio ukweli wote. Kama kuna hasira niletee mimi, usimwekee Rispa. Alisimama kando yangu kama alivyosema, na mkono wake ulikuwa baridi kama wangu.

Nyuma kabisa ya ukumbi Mzee Munene, yule wa nyumba iliyopakana na bomba, alisema, "Obura? Haiwezekani." Mama Kim alichukua Biblia yake na mwavuli wake akatoka. Wiki nzima alikuwa akinipita bombani akitazama mtungi wake. Ningependa kukuambia nilijisikia mwepesi kwa kusema kweli, lakini sivyo. Nilijisikia nimekuuza.

Hata hivyo kazi haikungoja nipoe. Wahome alipitia sheria usiku na mchana, akaandika barua kwa kanjo ya kuomba kibanda kisogezwe badala ya kuvunjwa, na wenyeji wakatia sahihi, Mzee Munene akiwa wa kwanza. Hapo ndipo Rispa alipoanza kuiheshimu kachumbari. Jumamosi ya tarehe kumi, Baba, kibanda hakikubomolewa. Kilitembea. Bwire, yule fundi wa kuchomelea, alikata miguu minne ya kibanda, watu wapatao ishirini wakakishika pande zote, wakahesabu moja, mbili, tatu, kikainuka kizima na kalenda ya Mama bado iko ukutani. Wakakibeba hatua kumi hadi upande wa bomba, Rispa mbele akiwaelekeza kwa mikono miwili, akigombeza wanaume wazima. Sakafu kwa sasa ni mbao, lakini anasema miguu yake haijapata kupumzika vizuri hivyo.

Kisha Bwire akaivunja saruji yako. Uliikoroga vizuri, pole, maana alitoka jasho na matusi. Kifuniko kikatokea na yale macho yake mawili. Lakini hakikuinuka. Walijaribu mtaimbo ukateleza, wakajaribu nyundo, Wahome akapiga kelele kwamba kitapasuka kitumbukie ndani. Tukakwama. Wakati huo Rispa alikuwa akirudisha vitu kibandani, ameshika ile fimbo ndefu ambayo Mama alikuwa akitundikia nguo zilizokwisha kushonwa. Unaikumbuka, ile iliyozungushiwa vitambaa ili nguo zisishike kutu. Nilimwona akisimama ghafla. Akaanza kuvifungua vile vitambaa, kimoja baada ya kingine. Cha ndani kabisa kilikuwa cha lile gauni la bluu la Mama la kwendea kanisani. Ndani yake kilikuwa chuma chako, na kichwa chake cha ndoano.

Kwa hiyo hata Mama alijua. Na wewe hukukirudisha kanjo. Nimelifikiria hilo kila siku tangu Jumamosi hiyo. Mtu anayetaka shimo libaki limekufa haachi ufunguo wake juu yake miaka kumi na nne. Nadhani ulitaka kurudi kulifungua, na kila mwaka ukakosa siku, kwa sababu Mama alikuwa amekalia hapo anashona na alikuwa na furaha. Kama nimekosea utanisahihisha. Mpaka nikusikie, nimeamua kuamini hivyo.

Ile ndoano iliingia tunduni bila kusukumwa. Bwire akaizungusha, kifuniko kikatoka na harufu ambayo sina haja ya kukueleza. Yeye na wenzake wakasukuma fito za kuzibulia karibu saa nzima, kisha tukasikia kitu kikiachia huko chini na maji yakaanza kwenda. Mama Kim alikuwa amefika bila mtu kumwona, amevaa gambuti, mikono kifuani. Aliposikia ule mvumo alikimbia kwake, na kutoka ndani tukamsikia akipiga kelele, "Imeshuka! Imeshuka yote!" Watu walishangilia kama timu yao imefunga bao. Mvua kubwa imenyesha mara mbili tangu siku hiyo, na sakafu yake ni kavu.

Jioni hiyo alikuja kwa Rispa akaketi, akanywa chai, akaniambia nikuandikie maneno yake bila kuyapunguza. Anasema amekukasirikia sana. Anasema kila Pasaka alikuwa akikuombea kwa sababu ya ile ndoo, na sasa hajui maombi hayo ayafanye nini. Anasema hajakusamehe. Kusameheana hakutumwi kwa karatasi, anasema. Mtu huja, akaketi, akaangaliwa. "Mwambie Obura aje." Alipofika mlangoni akageuka akaongeza kwamba ule ukuta hataupaka rangi mpaka uwe umeuona.

Na mimi nina ombi langu, Baba. Kwenye ramani bado kuna vifuniko saba tusivyovijua, na safari hii ni kweli hatuvijui. Viko chini ya vibanda, chini ya jiko la mtu, Mungu anajua. Ni wewe tu uliyevipita kwa miguu. Ninaichora upya, itawasilishwa mwezi wa saba, na nisipovipata sitamaliza mwaka na wenzangu. Hata hivyo usije kwa ajili ya alama zangu. Alama zitapatikana mwaka mwingine. Njoo kwa ajili ya nyumba saba ambazo huenda nazo zina penseli nyuma ya mlango. Daktari Muthoki amekubali jina lako liandikwe kwenye ramani pamoja na yetu. Nimeliandika kwa penseli, na wino sitautia mpaka ukubali mwenyewe. Na usiogope watu. Jana Mzee Munene aliniuliza utakuja lini, kwa sababu naye ana sakafu inayolia.

Wazee wakikuuliza tena nitaitwa nani nikimaliza, waambie ninafanya kazi uliyokuwa ukiifanya wewe, ila mimi naichora na kuisema. Wakikosa kuelewa, waambie kachumbari.

Willis atarudi huku Jumapili ya wiki ijayo, na kiti cha pili basini ameshakiwekea jina lako. Nisalimie Shangazi Anyango na majirani wote wa huko. Nisalimie Mama pia. Ukipita kaburini mwambie kibanda chake kimehama lakini kimesimama, na lile gauni la bluu tumelifua tukalianika. Rispa anasema usije mikono mitupu, na kwamba panya wanangoja karanga.

Chuma chako tumekisugua kutu, kiko nyuma ya mlango wa kibanda. Hakitundikiwi nguo tena. Jana Mama Kim alitaka kukiazima ili Bwire akitumie, Rispa akamkatalia, akamwambia mwenyewe anakuja.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Awiti